Kutengeneza kozi ya mtandaoni ya kuwaandaa watu wazima kwa chuo na kazi: mwongozo kamili kwa mwalimu wa Dar

Dar es Salaam haina uhaba wa watu wazima wanaotaka kurudi kusoma. Yupo mlinzi wa geti Mikocheni aliyeishia kidato cha pili. Yupo dada wa duka la vipodozi Kariakoo mwenye D nne za miaka mingi iliyopita, na yupo fundi umeme wa Buguruni ambaye mainjinia humpigia simu wakikwama, lakini hana karatasi hata moja ya kumtambulisha. Wote wana simu mkononi, na wengi wameshawahi kujiunga na kozi fulani ya mtandaoni ikawafia njiani. Mwalimu anasema wanafunzi ni wavivu. Wanafunzi wanasema bando liliisha. Mimi nadhani kozi nyingi hufa kwa sababu zilijengwa kuanzia mada anazozijua mwalimu, wakati mwanafunzi alikuja akiwa na mlango mmoja anaotaka kuingia na tarehe ambayo mlango huo unafungwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa tuisheni, kituo cha jamii, kamati ya elimu ya msikiti au kanisa, au ofisa rasilimali watu anayetaka wafanyakazi wake wapande ngazi. Nimechukulia kozi ya wiki kumi na mbili hivi, inayosomwa kwa simu, na mwalimu asiye na bajeti ya maana.

Hatua ya 1: Chagua mlango mmoja, ujue kalenda yake

Usitangaze "kozi ya kukuandaa kwa chuo". Chuo kipi, kwa sifa zipi, na dirisha la maombi linafunguliwa lini? Mtu mzima wa Tanzania ana milango kadhaa mbele yake, na kila mmoja una fomu na masharti yake.

Wa kwanza ni mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Asiyemaliza sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, akishafaulu ndipo anafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwenye cheti chenye alama mbaya anarisiti. Mitihani yote hiyo hufanyika Novemba, lakini usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Ukianzisha kozi ya QT mwezi Julai ukapokea watu ambao hawajajisajili, umechukua hela yao bure. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, inalihudumia kundi hili kwa miaka mingi. Nenda ukaulize wanavyogawa masomo kabla hujaanza kubuni ya kwako.

Wa pili ni vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Kwa programu nyingi, kuingia ngazi ya 4 ya NTA (mfumo wa ngazi za tuzo za ufundi), yaani Astashahada ya Awali, kunataka angalau D nne za kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kozi za afya ni habari nyingine, zinadai masomo ya sayansi kwa majina yake. Kutoka ngazi ya 4 mtu anapanda ya 5, kisha ya 6 ambayo ni Stashahada, na Stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 humfungulia njia ya shahada.

Wa tatu ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Huu ndio mlango wa yule fundi wa Buguruni, kwa sababu VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita darasani. Kozi yako kwa mtu kama huyu haimfundishi umeme. Inamfundisha kueleza na kuonyesha anachokijua mbele ya mtahini, pamoja na kusoma michoro na vipimo anavyovifanya kwa mazoea tu.

Wa nne ni chuo kikuu. Mbali na kidato cha sita na Stashahada, kuna programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992 na makao yake yako hapa hapa Kinondoni, na kuna utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa kutambua maarifa ya awali kwa watu wazima wenye uzoefu. Kwa wanaoona aibu kwenda chuo wakiwa na wajukuu: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waombe chuo kikuu. Watu wenye mvi madarasani Mlimani si jambo la juzi.

Wa tano ni ajira yenyewe, nitaurudia mbele.

Kozi moja, mlango mmoja. Najua kishawishi cha kuwachanganya wa QT na wa VETA ili idadi itoshe kulipa gharama, lakini kila somo litakuwa la nusu ya darasa, na ile nusu nyingine itazima simu. Kuanzia hapa nitatumia mfano mmoja: mtu mzima mwenye D nne anayetaka kusoma uhasibu au ugavi ngazi ya 4, katika vyuo kama CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) au Taasisi ya Uhasibu.

Hatua ya 2: Zungumza na watu kabla ya kuandika chochote

Mpigie simu kila anayeonyesha nia. Fomu ya mtandaoni haitoshi, maana mtu mzima ataandika anachodhani unataka kusikia. Dakika kumi za maongezi zinakupa mambo haya: simu ni yake au ya nyumbani, inajaa haraka au ina nafasi, bando anaunga la siku, la wiki au la mwezi, anatoka kazini saa ngapi na anakaa wapi. Mtu wa Gongo la Mboto anayefanya kazi Masaki anafika nyumbani hana nguvu ya kusoma saa mbili usiku, ila ana saa nzima au zaidi ndani ya daladala, na akiwa na vipokea sauti hiyo ni saa ya darasa. Muulize pia mara ya mwisho aliandika ukurasa mzima kwa mkono lini. Wengi watacheka, na kicheko hicho kinakueleza wiki za mwanzo ziweje.

Kisha mpe zoezi fupi la kujipima, na usiliite mtihani. Aya moja ya Kiingereza asome na aeleze kwa Kiswahili imesema nini. Hesabu tatu: asilimia, uwiano na wastani. Barua fupi ya kuomba ruhusa kazini. Usitangaze alama za zoezi hili kwa mtu yeyote, hata kwa sifa. Ni zako wewe, ujue uanzie wapi.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza ni ya makaratasi

Hapa ndipo naachana na walimu wengi. Wao huanza na hamasa, halafu mada, na makaratasi wanayaacha mwisho "tukikaribia kuomba". Lakini karatasi ndizo zinazochukua muda mrefu kuliko chochote, na haziharakishwi kwa kusoma kwa bidii.

Mwanafunzi akusanye kwa siku saba: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne au namba yake ya mtihani na mwaka, na picha ndogo. Kisha aweke karatasi hizo mezani, asome jina lake herufi kwa herufi katika kila moja. Hapo ndipo vilio vinaanza. Cheti cha NECTA kinasema Mwanaidi, NIDA inasema Mwanahidi. Cheti kina majina mawili, NIDA ina matatu. Dada aliolewa, jina la tatu likabadilika. Kila tofauti ina njia yake ya kurekebishwa, iwe kwa kiapo mbele ya wakili au kwa kufuata taratibu za NIDA au RITA (wakala anayesajili vizazi na vifo), na njia hizo zinakula wiki. Akigundua wiki ya kwanza ana muda. Akigundua siku mbili kabla dirisha halijafungwa, amekwenda na maji.

Aliyepoteza cheti aanzie polisi kuchukua taarifa ya upotevu, ndipo aende NECTA. Asiye na cheti cha kuzaliwa aende RITA.

Wiki hiyo hiyo, kila mtu afungue barua pepe yake mwenyewe. Yake, si ya kijana wa stesheneri. Tatizo hili ni kubwa kuliko linavyosikika: watu wengi wamefunguliwa barua pepe na kijana wa stesheneri, nywila anaijua yeye, na siku kijana akihama, majibu ya chuo yanaingia kwenye sanduku ambalo hakuna awezaye kulifungua. Mwanafunzi aandike nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani. Wataalamu wa usalama wa mtandao watanuna, lakini kwa mtu anayeingia kwenye barua pepe mara mbili kwa mwezi daftari la kabatini ni salama kuliko kumtegemea mtu mwingine akumbuke.

Hatua ya 4: Andika kazi ya mwisho kwanza

Kabla ya somo la kwanza, andika kwa ukamilifu kitu ambacho mwanafunzi atakifanya wiki ya kumi na mbili. Kwa mfano wetu mimi ningeandika hivi:

"Umetuma maombi kwa vyuo viwili na una uthibitisho wa kupokelewa. Unaweza kusoma kurasa tatu za kitabu cha utangulizi wa uhasibu kwa Kiingereza na kuandika muhtasari wa nusu ukurasa kwa Kiingereza chako. Unaweza kupanga mauzo na matumizi ya duka ya mwezi mmoja kwenye jedwali la kompyuta na kupata faida. Umepanga ada ya muhula wa kwanza itatoka wapi, kwa maandishi."

Rudi nyuma kutoka hapo. Ili aandike muhtasari wa nusu ukurasa wiki ya kumi na mbili, wiki ya tisa aandike aya, wiki ya sita sentensi tano, wiki ya tatu sentensi mbili. Ili atumie jedwali la kompyuta, lazima aguse kompyuta halisi angalau mara nne, kwa hiyo panga Jumamosi za kwenda stesheneri yenye kompyuta au kwenye kituo cha rafiki mwenye ofisi. Kila kitu ambacho hakiendi kwenye kazi ya mwisho kitupe. Historia ya uhasibu ni tamu, itupe. Utaona kozi uliyodhani ni ya miezi sita inatosha wiki kumi na mbili na bado ina nafasi ya kupumua.

Kwa wiki moja weka masomo matatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila moja lenye sauti ya dakika tano, ukurasa mmoja wa kusoma na kazi moja ya kutuma. Jumamosi ni ya kompyuta au marudio. Jumapili usitume kitu.

Marudio yapangwe, yasiachwe kwa hiari ya mtu. Asilimia iliyofundishwa wiki ya tatu irudi kama swali moja wiki ya nne, ya sita na ya kumi. Kukumbuka kitu baada ya kuanza kukisahau hukikaza kichwani kuliko kukisoma mara tatu siku ile ile, na mtu mzima ambaye hajasoma miaka kumi anauhitaji mkazo huo.

Hatua ya 5: Somo moja kwa karibu

Nionyeshe somo lilivyo, maana maneno "fundisha kwa uzoefu wa mwanafunzi" yanasemwa sana na kufanywa kidogo.

Wiki ya tatu, Jumatano, mada ni asilimia. Kitabu cha shule kingeanza na "Juma ana maembe mia". Sauti yako ianze hivi: "Habari za jioni. Leo tunapiga hesabu ya kausha damu. Kama hujawahi kukopa, unamjua aliyekopa." Hapo hapo darasa zima limeamka, kwa sababu mikopo hii ya marejesho ya kila siku ipo kila mtaa.

Ukurasa wa kusoma una mfano huu. Umekopa shilingi 200,000. Unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ya marejesho ni 260,000. Ziada ni 60,000. Gawanya 60,000 kwa 200,000, zidisha kwa 100, unapata asilimia 30. Kisha swali la kutuma: "Siku ya kukopa walikukata 10,000 ya fomu, ukaondoka na 190,000 mkononi. Riba yako halisi ni asilimia ngapi?" Jibu ni 70,000 gawanya kwa 190,000, karibu asilimia 37. Mwanafunzi anayepata 37 amefanya hesabu ya kitabu. Anayeuliza "mbona tangazo lao linasema asilimia 30?" ameanza kufikiri kama mhasibu, na swali lake ulitumie kesho yake kwa darasa zima.

Kuna hatua ya juu zaidi kwa wanaotaka. Mkopo wa 200,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka una riba ya 36,000 ukiushika mwaka mzima. Ule wa mtaani umekutoza 60,000 kwa siku 26, na hata hizo 200,000 hukukaa nazo siku zote 26 kwa sababu ulianza kuzirudisha siku ya pili. Usiwape kanuni. Waache wabishane kwenye kikundi. Mama muuza vitumbua atakuambia kwamba benki haimpi, kwa hiyo ulinganisho wako hauna maana kwake, na atakuwa na hoja. Mkubalie, kisha muulize: kama vitumbua vinamwachia faida ya 8,000 kwa siku, marejesho ya 10,000 yanatoka wapi?

Somo linafungwa na sentensi mbili za Kiingereza zinazoeleza namba zile zile. Kiwango cha lugha ni kidogo, lakini maudhui ni ya mtu mzima.

Hatua ya 6: Lugha

Hili linahitaji uamuzi na si huruma. VETA hufundisha mengi kwa Kiswahili, lakini sekondari na vyuo vya kati vya uhasibu vinatahini kwa Kiingereza. Ukifundisha kozi nzima kwa Kiswahili mwanafunzi atafurahi wiki kumi na mbili, halafu aanguke mwezi wa kwanza chuoni. Ukifundisha yote kwa Kiingereza ataondoka wiki ya pili.

Njia ninayoipendekeza: sauti na maelezo yawe kwa Kiswahili, ukurasa wa kusoma uanze kwa Kiswahili na kuhamia Kiingereza taratibu kuanzia wiki ya tano, na kazi ya kutuma iwe na kipande cha Kiingereza tangu wiki ya kwanza hata kama ni sentensi moja. Wafundishe mapema amri za mtihani kwa Kiingereza chake: taja, eleza, tofautisha, jadili, kokotoa. Watu wazima wengi hufeli swali wanalolijua jibu lake kwa sababu waliambiwa watofautishe vitu viwili wao wakaeleza kimoja.

Mwanafunzi akikosea Kiingereza, sahihisha kosa moja tu kwa kila kazi, lile linaloharibu maana, mengine yaache. Ukilijaza daftari la mama wa miaka arobaini na tano wino mwekundu, hatatuma tena.

Hatua ya 7: Chombo na uzito wake

Piga hesabu ya MB kama unavyopiga hesabu ya nauli. Sauti ya dakika tano iliyobanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde ina MB 1.2. Video ya dakika tano iliyobanwa vizuri, kilobiti 500 kwa sekunde, ina kama MB 19. Video mbichi ya simu, ya urefu huo huo, inaweza kupita MB 300. Masomo 36 ya sauti ni MB 43 kwa kozi nzima. Masomo 36 ya video, hata zikibanwa, ni karibu MB 680, na hapo hatujahesabu video za salamu za asubuhi kutoka magrupu mengine. Weka video pale tu ambapo macho yanahitajika, kama kuonyesha kidole kinabonyeza wapi kwenye tovuti ya maombi. Hizo ni video chache, za dakika mbili.

Kwa darasa la watu thelathini, WhatsApp inatosha. Fungua grupu moja la matangazo ambalo walimu tu ndio wanaoandika, na vikundi vidogo vya watu watano au sita vya kujadiliana. Bila mgawanyo huo, somo la Jumatano litazikwa chini ya "amina" na matangazo ya vitenge. Kila Ijumaa tuma faili moja la PDF lenye masomo yote ya wiki, ili aliyefuta kwa sababu simu imejaa, au aliyekaa gizani siku mbili umeme umekatika, asianze kuulizia kimoja kimoja.

Ukizidi watu mia, au ukitaka kufuatilia alama kwa umakini, hamia Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni. Haina gharama ya leseni, ipo tangu 2002, na programu yake ya simu inaruhusu kupakua masomo na kuyasoma bila intaneti. Ila inataka seva na mtu wa kuitunza, na mtu huyo asiwe wewe unayefundisha.

Chapisha nakala za karatasi. Ndiyo, kwa kozi ya mtandaoni. Kijitabu cha kurasa arobaini kilichodurufiwa kinamuokoa yule ambaye simu yake imedondoka kwenye ndoo ya maji wiki ya saba, na daima kuna mmoja.

Hatua ya 8: Mtu wa kupiga simu

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyofikia takriban watu milioni mbili. Redio peke yake isingefanya hivyo. Kulikuwa na vikundi vilivyokaa pamoja kusikiliza, kijitabu, kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, mjadala, na kazi ya kwenda kufanya nyumbani, kama kuchimba choo au kufyeka mazalia ya mbu. Teknolojia yetu ni kubwa mara elfu na bado tunatuma PDF na kungoja miujiza.

Kwa hiyo kila kikundi cha watu sita kiwe na kiongozi, ikiwezekana mtu aliyepita kozi ya awamu iliyotangulia, na umlipe hata kama ni vocha. Kazi yake ni moja: mtu akikosa kutuma kazi mbili mfululizo, anapigiwa simu siku hiyo hiyo. Apigiwe, asitumiwe ujumbe. Simu ya namna hii haina lawama:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Kwema huko? Nimeona kazi ya Jumatatu na Jumatano hazijafika."
"Kwema tu, ila simu aliondoka nayo kijana, amerudi jana."
"Basi hamna shida mama. Nakutumia ya Jumatano tu, ya Jumatatu iache, tutaikuta kwenye marudio Jumamosi."

Mambo mawili yamefanyika hapo. Deni limepunguzwa, kwa sababu mtu mwenye kazi nne nyuma yake hukata tamaa na kupotea kabisa. Na heshima imelindwa: kiongozi kijana ameamkia. Walimu vijana wanaosahau shikamoo kwa sababu "huku mimi ndiye mwalimu" hupoteza wazazi mapema, na wazazi hawasemi kwa nini wameondoka.

Ratiba nayo iheshimu jiji. Masika ya Machi hadi Mei hufunga barabara, Jangwani kwanza, na watu wanafika nyumbani usiku wa manane. Ramadhani sogeza masomo yaende baada ya tarawehe, au alfajiri baada ya daku. Mwisho wa mwezi wauza maduka hawana muda, punguza kazi wiki hiyo.

Hatua ya 9: Upande wa kazi

Hata kozi ya chuo iwe na wiki mbili za ajira, kwa sababu mwanafunzi huyu atalipa ada kwa mshahara na si kwa ahadi. Asome tangazo la kazi halisi neno kwa neno. Chukua la Sekretarieti ya Ajira, linalopatikana kwenye Ajira Portal, na umwambie apigie mstari kila sharti. Atakuta mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma. Atakuta hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi, vinatakiwa vyeti. Atakuta barua ya maombi lazima isainiwe, na CV iwe na wadhamini watatu. Hayo yote yameandikwa, na bado watu wanaondolewa kwa kutoyasoma. Mwenye miaka 47 aambiwe mapema aelekeze nguvu sekta binafsi au biashara yake. Kumficha si wema.

CV ya mtu mzima haina uzoefu mdogo, ina uzoefu usioandikwa. Aliyeuza duka miaka minane amepokea mizigo, amehesabu stoo, amedai wadeni na amekabidhi hesabu kwa tajiri kila jioni. Kaeni naye, mwandike vitu hivyo kwa vitenzi na namba. Usaili ufanyieni mazoezi kwa simu, mtu wa nje akiuliza maswali.

Na mfundishe kanuni moja ya utapeli: anayeomba hela ya fomu, ya vipimo au ya "kuweka jina juu" kwa kazi, hana kazi.

Hatua ya 10: Ada, vyeti na taarifa za watu

Ada ilipwe kwa wiki, kwa lipa namba, na risiti itumwe. Shilingi elfu tano kila Ijumaa inalipika. Elfu sitini kwa mkupuo itamwacha nje yule unayemlenga.

Usitoe cheti chenye mhuri na maneno yanayofanana na ya chuo. Wewe huna ithibati ya NACTVET wala TCU, na kuna mtu atakipeleka mahali akaaibishwa. Barua ya kuthibitisha kwamba mtu amehudhuria na amefanya kazi hizi na hizi inatosha. Ukitaka kwenda mbali zaidi ya kozi fupi ya maandalizi, ulizia usajili kwenye mamlaka husika kabla hujatangaza.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba za NIDA na picha za vyeti zisipite kwenye grupu, zitumwe kwa mtu mmoja anayejulikana, zifutwe kazi ikiisha. Orodha ya alama zenye majina isibandikwe popote.

Hatua ya 11: Jaribu na wachache, pima kilicho cha kweli

Awamu ya kwanza ichukue watu kumi na mbili, vikundi viwili. Usipime waliofungua sauti wala walioweka alama ya dole. Pima wangapi wametuma maombi kamili, wangapi wamepokelewa, na wangapi bado wako chuoni mwisho wa muhula wa kwanza. Namba hiyo ya mwisho huwezi kuipata bila kuwapigia simu, kwa hiyo weka siku kwenye kalenda kabisa. Uliza maswali matatu tu: nini kimekushinda chuoni, kipi tulikufundisha hujakitumia, na kipi ulihitaji hatukukufundisha. Majibu ya swali la pili ndiyo yanayopunguza kozi, na nafasi inayobaki uyape majibu ya swali la tatu.

Walioishia njiani nao wapigiwe. Wape nafasi ya kurudi awamu inayofuata kuanzia wiki waliyoishia, bila kulipa upya zile walizokwishalipia, na jina lao libaki kwenye orodha ya kiongozi yule yule wa kikundi.